Je, Mchezo Uvunjwe kwa Ajili ya Wingu?



Twataka kuandika habari ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa gazeti la Kanisa. Mwalimu asimama kando ya uwanja wa michezo. Watoto wa shule mbili wako mbele yake, wageni wamekwisha kufika na lori lao, na upande wa mashariki wingu jeusi lapanda. Je, apige kipenga na kuuvunja mchezo, au auache uendelee? Sisi nasi tuliliona dogo, mpaka siku tulipoulizwa shauri sisi wenyewe, tukajibu, na jibu letu limetusumbua tangu siku ile hata leo.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Machi, mwaka 2019, tulialikwa katika shule moja ya msingi, upande wa magharibi wa mji wa Tabora, kufungua michezo kwa sala. Jina la shule hatulitaji, kwa kuwa kosa tutakalolisimulia si la shule, ni letu. Uwanja wake uko karibu na njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hata Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji, na pembeni yake imesimama miembe mikubwa, ambayo wazee husema ilimea kwa kokwa walizozitupa wapagazi. Asubuhi jua lilikuwa kali. Tuliomba, watoto wakaimba, mbio zikakimbiwa, wasichana wakacheza mpira wa pete, na yapata saa kumi wavulana walikuwa katika kipindi cha pili cha mpira wa miguu. Ndipo tuliposikia ngurumo ya kwanza, ya mbali, mfano wa gari-moshi lipitalo darajani.

Mwalimu Mkuu alitujia pale tulipoketi na wazee wa kamati. Akasema, "Baba Mchungaji, mwaonaje? Tuwatoe watoto?" Kabla hatujajibu, mzee mmoja wa kamati akadakia kwamba wageni wako mbele kwa bao moja, na mchezo ukivunjwa sasa watasema wenyeji wamekimbilia wingu kuficha kushindwa. Mwingine akasema wageni wamelipia lori, nao hawana fedha ya kulilipia mara ya pili. Kila neno lilikuwa kweli. Mwalimu Mkuu akatutazama tena, nasi tukasema, "Mwalimu, tumekwisha kuomba asubuhi. Bwana atatulinda. Waacheni watoto wamalize, ni dakika kumi tu."

Hazikutimia dakika tano radi ikaupiga mwembe wa mwisho, upande wa mashariki, ikauchana gome toka juu hata chini. Chini ya mwembe ule, muda mfupi kabla yake, walikuwa wameketi wasichana wa mpira wa pete. Walikuwa wameondoka kwenda kunywa uji. Hapakuwa na mtu aliyeumizwa, ila wavulana wawili walioanguka kwa hofu. Jumapili iliyofuata palikuwa na sadaka ya shukrani. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema ya kuwa sala ya Mchungaji imewaponya watoto. Nasi tulizipokea shukrani zile, tukaketi.

Hapo ndipo penye swali letu. Watoto wote walirudi kwao salama. Basi shauri letu lilikuwa shauri jema?

Watu wengi hupima shauri kwa mwisho wake. Mwisho ukiwa mwema, husema mwenye shauri alikuwa na hekima. Mwisho ukiwa mbaya, husema alikuwa mpumbavu. Lakini tulipokuwa tukijibu, hatukujua lo lote zaidi ya alilojua Mwalimu Mkuu. Hatukujua kwamba uji ungekuwa tayari saa ile. Kama mpishi angechelewesha kuni zake kwa robo saa, maneno yetu yangekuwa ni yale yale, na moyo wetu ni ule ule, lakini tungekuwa tukizika watoto. Haiwezekani neno moja liwe jema au ovu kwa sababu ya kuni za mpishi. Ama lilikuwa jema tangu lilipotoka kinywani, ama lilikuwa baya tangu hapo.

Tumemfahamu mwalimu mwingine, wa shule nyingine, ambaye naye aliona wingu kama lile, akauvunja mchezo, akawaingiza watoto ndani. Wingu likapita, likaenda kunyesha upande wa Urambo, na pale kwake jua likawaka hata jioni. Watu walimcheka, wakampa jina, wakamwita Mwalimu Mawingu, na jina lile halijamtoka. Sisi tulipewa shukrani, yeye alipewa jina la mzaha. Twasema bila kusita ya kuwa yeye ndiye aliyetenda vema, na sisi ndio tuliotenda vibaya, ijapokuwa mbingu zilitupendelea sisi na kumwaibisha yeye.

Iko sheria moja katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo twadhani haihubiriwi sana. Yaagiza kwamba mtu ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mfupi, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tafakarini namna sheria hii ilivyo. Haingoji mtu aanguke. Mwenye nyumba asiyejenga ukuta amekwisha kuvunja agizo, hata kama wageni wake wote watashuka salama kwa miaka arobaini. Na yule aliyejenga ukuta hawezi kuambiwa amepoteza mawe yake bure kwa sababu hakuna aliyeanguka.

Tena makosa mawili haya hayalingani uzito. Ukiuvunja mchezo bila sababu, umewanyima watoto furaha ya siku moja, umepoteza fedha ya lori, na kesho mtapatana siku nyingine. Ukiuacha uendelee nawe umekosea, hapana siku nyingine. Hatusemi kwamba furaha ya mtoto ni kitu kidogo. Tumewaona watoto wa vijijini ambao siku ile ya michezo ndiyo siku yao kubwa ya mwaka mzima, na mtu asiyelijua hilo hafai kuwa mwalimu. Twasema tu kwamba hasara moja ina dawa na ya pili haina.

Huenda msomaji akasema, Mchungaji atutisha. Radi huwapiga watu wachache sana. Basi na tutazame mambo yaliyotukia kwa majirani zetu. Tarehe 17 Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi sita wa shule moja huko Geita. Tarehe 27 Januari 2025, katika mkoa huo huo wa Geita, wilaya ya Bukombe, kaskazini ya kwetu, iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda na kuwajeruhi wengine wengi. Katika Uganda, tarehe 28 Juni 2011, shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ilipoteza wanafunzi 18 na mwalimu wao kwa pigo moja. Nchi zetu hizi, tangu ziwa Viktoria hata milima ya Kivu, ni miongoni mwa nchi zipigwazo na radi mara nyingi kuliko karibu nchi zote za ulimwengu.

Lakini habari iliyotufundisha zaidi ni ya Arua, kaskazini magharibi ya Uganda, mwezi wa Agosti, mwaka 2020. Vijana walikuwa wakicheza mpira, mvua ikaja. Wao hawakuwa na ukaidi kama wetu. Waliuacha mchezo, wakakimbilia kibanda cha nyasi kilichokuwa karibu. Radi ikakipiga kibanda, wakafa kumi. Tuliposoma habari ile tulijua kwamba swali la Mwalimu Mkuu lilikuwa nusu ya swali. Haikutosha kuuliza kama watoto watolewe. Ilipasa kuulizwa pia, wapelekwe wapi? Kibanda cha nyasi hakimkingi mtu na radi. Lori lililo wazi nyuma halimkingi. Mti mrefu ni mbaya kuliko vyote, kwa kuwa radi hupenda kushuka kwa kilicho kirefu, kisha hutambaa ardhini na kuwaangusha hata walioketi mbali kidogo na shina. Miembe yetu ya misafara ilikuwa rehema kwa babu zetu waliopita na pembe na vitambaa mabegani, maana iliwapa kivuli na tunda. Lakini wakati wa ngurumo miembe ile ile haifai kusogelewa. Sisi tuliketi chini yake siku ile, na wazee wote wa kamati pamoja nasi, tukatoa shauri la usalama.

Hata darasa si ngome kamili. Wale wa Runyanya walikuwa shuleni, chini ya paa. Jengo imara lenye bati ni bora mara nyingi kuliko uwanja na kuliko kibanda, walakini wajuzi wa mambo haya husema jengo la shule lapaswa kuwekewa mtego wa radi, yaani chuma kisimamacho juu ya paa na waya mnene uishukiao ardhi, uzikwe humo vizuri, ili nguvu ya radi ipate njia yake bila kupita katika miili ya watu. Na gari lililofunikwa kwa chuma pande zote, madirisha yakiwa yamefungwa, lakinga vizuri pia. Kwa hiyo mwalimu aulizaye siku ya michezo, "Tuwatoe watoto?", aweza kuwa amechelewa, swali lake lilitakiwa kuulizwa miezi mingi nyuma, mbele ya kamati, fedha ya ujenzi ilipokuwa mezani.

Kipimo cha umbali wa radi si kigumu, hata mtoto wa darasa la tatu akiweza. Mmweko huonwa mara moja, bali sauti huja polepole, nayo huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilometa. Mtu akiona mmweko na ahesabu. Akisikia ngurumo kabla hajafika 30, radi iko ndani ya kilometa 10, na umbali huo yaweza kuruka hata mahali mvua haijafika. Hapo mchezo ukome. Nao usianze tena mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, wala si tangu mvua ilipokatika, kwa kuwa wengi hupigwa wakati wadhaniapo mambo yamekwisha. Siku ile ya Machi hatukuhesabu. Tulikuwa tukihesabu mabao.

Sasa twaja kwa jambo lililo zito zaidi kwetu sisi Wakristo. Tulisema, "Tumekwisha kuomba." Je, kuomba si kumtumaini Mungu? Tumejiuliza neno hili mara nyingi usiku. Twakumbuka ya kuwa Ibilisi alipompandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, hakumshawishi kwa ulevi wala kwa wizi. Alimshawishi kwa ahadi za Maandiko, kwamba malaika watamchukua asijikwae. Naye Bwana alikataa, kwani kujitupa chini na kungoja malaika si imani, ni kumjaribu Mungu. Walakini Bwana alikuwa akijaribiwa juu ya mwili wake mwenyewe. Sisi tulijitupa kwa miili ya watoto wa watu wengine, hali sisi tumeketi vitini. Mtu aweza kuihatarisha roho yake kwa imani yake. Imani yake haimpi ruhusa ya kuihatarisha roho ya mtoto wa jirani, ambaye mama yake alimfulia fulana asubuhi akamwambia nenda ukacheze.

Baba yetu katika imani, Martin Luther, aliijua radi vizuri. Tarehe 2 Julai 1505, akiwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa sheria katika mji wa Erfurt, alikuwa akirudi kutoka kwa wazazi wake. Karibu na kijiji cha Stotternheim radi ikampigia kando, naye kwa hofu akamwita Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Siku 15 baadaye aliingia nyumba ya Waagostino. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama wito wa ajabu, lakini Luther mwenyewe, alipoandika juu ya nadhiri za utawa mwaka 1521, alikiri mbele ya baba yake kwamba nadhiri ile ilitolewa kwa nguvu ya hofu. Yaani radi inaweza kumtoa mtu neno ambalo si la kweli. Wengine hutoa nadhiri kwa hofu; sisi tulitoa ujasiri kwa kuogopa kusemwa na wageni. Twaona maneno hayo mawili ni ndugu.

Hata tauni ilipoingia mji wa Wittenberg, mwaka 1527, Luther alimwandikia Johann Hess wa Breslau barua ndefu juu ya swali kama yafaa Mkristo kuikimbia tauni. Yeye mwenyewe alikaa mjini kuwatunza wagonjwa, kwa kuwa kazi yake ilimfunga pale. Lakini aliwakemea vikali wale wanaodharau dawa na kujiingiza penye ugonjwa pasipo haja, huku wakijisifu kwamba wamtumaini Mungu. Aliona kwamba hao wamjaribu Mungu, na mtu wa namna hiyo aweza kuwa na hatia ya uhai wa mwenzake. Barua hii tuliisoma chuoni tulipokuwa vijana, tukajibu maswali yake katika mtihani vizuri sana. Penye mwembe hatukuikumbuka.

Na sasa tuseme matunda ya shukrani zile tulizozipokea. Wiki mbili baada ya sadaka tulisikia maneno yakitembea kijijini. Watu walisema: Ikiwa sala ya Mchungaji iliipotosha radi isiwapate watoto, basi iko mikono iliyoituma. Ni nani aliyeituma? Wakamtaja bikizee mmoja akaaye nyuma ya uwanja, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, ambaye mjukuu wake hakuchaguliwa katika timu. Ndugu zetu wa Unyamwezi na Usukuma wajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Vikongwe wangapi wamekatwa kwa mapanga katika nchi hii kwa ajili ya macho mekundu! Tulikwenda kwa bibi yule mara nyingi, tukaketi mlangoni pake mchana, watu wakituona. Jumapili moja tulisimama tukakiri mbele ya usharika ya kuwa hapakuwa na muujiza uliotokana na maneno yetu. Palikuwa na shauri baya, na rehema ya Mungu isiyotokana na shauri lile. Baadhi yao hawakufurahi. Mtu akisha kupewa muujiza hapendi kunyang'anywa.

Haya si ya kwetu peke yetu. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1998, gazeti moja la Kinshasa liliandika kwamba katika jimbo la Kasai radi iliwaua wachezaji wote 11 wa timu moja ya mpira, na wa timu ya pili wakatoka wazima. Na mara watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Tena tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, radi iliwaua watu 14, na watu wale walikuwa wamekusanyika kumwomba Mungu. Nani atathubutu kusema kwamba wa Palabek hawakuomba vema, na sisi wa Tabora tuliomba vema? Bwana wetu alipozitaja habari za wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Jua na mvua huwajia wema na waovu pamoja. Lakini mtu asipoyakubali haya siku radi inapomkosa, hana haki ya kuyahubiri siku inapompata mwenziwe.

Hata hivyo hatutaki mtu aondoke na barua hii akawe mwoga wa kila wingu. Tumemwona pia mwalimu avunjaye michezo kwa sababu amechoka, naye husingizia mvua. Mvua pasipo ngurumo haimwui mtoto, tope hufuliwa. Mhubiri amesema ukweli juu ya mkulima atazamaye upepo na mawingu, kwamba hapandi wala havuni. Kama wapagazi wa Kinyamwezi wangaliogopa kila jambo la njiani wasingalifika pwani hata mara moja, nayo safari yao ilikuwa kama miezi mitatu, mzigo begani. Lakini tazameni walivyofanya. Desturi yao ilikuwa kuvuna kwanza, kisha wakaondoka kiangazi kilipoanza, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Ujasiri wao ulikuwa na kalenda. Stanley yeye alitoka Bagamoyo mwaka 1871 masika ikiingia, akakutana na maji na tope la Makata, wanyama wake wakafa na watu wake wakaugua, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni amechoka.

Twauliza basi, kwa nini michezo yetu ipangwe penye masika? Kwetu Tabora mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili; Juni hata Agosti mbingu ni safi. Mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalipofanyika hapa Tabora, miaka ya 2022 na 2023, yaliwekwa katika miezi ya kiangazi, nayo ilikuwa busara. Bali mashindano ya chini, ya shule kwa shule na ya kata, yale yasiyo na wageni wakubwa, ndiyo yaangukayo mara nyingi katika miezi ya ngurumo. Watoto wadogo kabisa, wenye viwanja vibaya kabisa, ndio wapewao hali ya hewa mbaya kabisa. Twaomba wakubwa wa elimu walitazame. Wala wasiyasukume mpaka Oktoba, kwa maana jua la Oktoba nalo lina watu wake. Sudani ya Kusini ilizifunga shule zote mwezi wa Machi, mwaka 2024, na tena Februari 2025, kwa ajili ya joto.

Limebaki neno moja: ni nani mwenye kuamua? Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Paulo aliwaonya wasisafiri kutoka Krete, maana majira yalikuwa yamepita. Akida akamsadiki nahodha na mwenye merikebu, na wengi walitaka kwenda, kwa sababu bandari ile haikuwa nzuri kwa kukaa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu ya kila mmoja ilikuwa na fedha au starehe ndani yake, kama lori letu na bao letu. Zamani katika misafara yetu kirangozi alikwenda mbele, naye alichukua mzigo kama wenziwe. Alipotua, wote walitua. Aliloweshwa na mvua ile ile. Twadhani mwenye kuamua juu ya mchezo asiwe mchungaji aketiye chini ya mwembe, wala mwenye kamati, wala mwenye lori; awe mtu mmoja aliyewekwa tangu asubuhi, asimame uwanjani pamoja na watoto, ahesabu, na neno lake lisijadiliwe. Tena iandikwe mapema kwamba mchezo uliovunjwa kwa radi utarudiwa wote, ili bao lisiwe na sauti katika shauri.

Shule ile ilifanya hivyo. Wazazi walichanga kidogo kidogo, wakapata mtego wa radi kwa jengo moja la madarasa manne, mengine bado. Mwezi wa Machi, mwaka 2025, tulialikwa tena. Wageni walikuwa wale wale, na wenyeji safari hii walikuwa mbele kwa mabao mawili kwa moja. Mmweko ukaonekana, mwalimu kijana aliyewekwa akahesabu kwa sauti hata 24, ngurumo ikasikika, akapiga kipenga. Watoto walijazana katika yale madarasa manne, wenyeji na wageni, zaidi ya nusu saa, wakiimba na kusukumana. Mvua haikunyesha hata tone.

Baba mmoja aliyetoka mbali kwa baiskeli ili amtazame mwanawe alitujia amekasirika, akasema, "Baba Mchungaji, mwaka ule uliomba na watoto wakacheza. Imani yako imekwenda wapi?" Tulimwonyesha ule mwembe wa mwisho, na kovu lake toka juu hata chini. Aliutazama kwa kitambo, akasema miti nayo huzeeka, akapanda baiskeli yake akaenda. Mchezo ulirudiwa Jumatano iliyofuata, na wageni walishinda.